Sir George Beatson na Swali la Theluthi Moja

Sisi tunaokaa West End, tukipanda basi la Great Western Road kwenda Anniesland, tunapita Gartnavel na kuliona jina la Beatson limeandikwa kwenye vibao vya hospitali. Mimi kwa mwaka mzima nilidhani Beatson ni tajiri fulani aliyetoa hela za kujengea, kama wale wafanyabiashara wa tumbaku ambao majina yao yamejaa kwenye mitaa ya katikati ya mji. Kumbe alikuwa daktari mpasuaji, na habari yake inaanzia zizi la kondoo. Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya jambo la nyumbani kwetu ambalo nitalifikia huko mbele. Kwanza tumwangalie mzee mwenyewe.

George Thomas Beatson alizaliwa mwaka 1848 huko Trincomalee, Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi la Mwingereza. Mtoto alikulia Campbeltown, mji mdogo wa bandari magharibi ya Uskoti. Alisoma Cambridge, halafu akaja Edinburgh kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1874. (Ni Edinburgh hiyo hiyo aliyokuja kusoma Mwalimu Nyerere miaka 75 baadaye.) Pale Edinburgh alibahatika kufanya kazi chini ya Joseph Lister, yule aliyewafundisha madaktari kuua vijidudu kwenye vidonda na vyombo kwa asidi ya kaboli. Kabla ya Lister, kumpasua mtu tumbo ilikuwa karibu sawa na kumchimbia kaburi. Bila mafunzo hayo Beatson asingethubutu kufanya alichokuja kufanya mwaka 1895.

Mwaka 1876 kijana Beatson alipata kibarua ambacho wenzake labda walikiona cha ajabu. Aliombwa akakae shambani, magharibi ya Uskoti, amwangalie mgonjwa mmoja wa akili wa familia yenye mali. Kazi yenyewe haikuwa nzito. Alikuwa na muda mwingi, na alikuwa anatafuta mada ya tasnifu yake ya shahada ya juu. Sisi wenye tasnifu zisizoisha tunaijua hali hiyo: unakaa, unaangalia nje ya dirisha, siku inakwisha. Tofauti ni kwamba nje ya dirisha la Beatson kulikuwa na kondoo, na ulikuwa wakati wa kuwaachisha wanakondoo kunyonya. Akaamua kuandika kuhusu maziwa: yanaanzaje kutengenezwa kwenye titi na yanakomaje.

Humo ndimo alimokutana na mambo mawili ambayo hayakumtoka kichwani. La kwanza alilipata kwa wafugaji. Alisikia kwamba katika nchi fulani, mfugaji akitaka ng'ombe wake aendelee kutoa maziwa muda mrefu baada ya kuzaa, humtoa ovari. Hapo Beatson akashtuka. Ovari ziko ndani kabisa ya nyonga, titi liko kifuani, na hakuna mshipa wa fahamu unaojulikana unaoviunganisha hivyo viwili kwa namna ya kueleza jambo hilo. Iweje ukiondoa hiki, kile kibadilike? Wakati ule neno homoni lilikuwa halijatungwa. Lilikuja mwaka 1905. Madaktari wengi walidhani viungo vinaamrishana kwa mishipa ya fahamu tu. Beatson akaandika kwamba kiungo kimoja kinaweza kukitawala kingine kilicho mbali, kwa njia isiyo ya fahamu.

La pili aliliona kwenye darubini. Titi linapojiandaa kutoa maziwa, chembe za ndani ya vijifereji vyake huzaliana kwa wingi mno, zinajazana. Akaona kwamba picha hiyo inafanana na mwanzo wa saratani ya titi. Tofauti, kwa maoni yake, ilikuwa kwamba kwenye unyonyeshaji zile chembe hugeuka mafuta na kuwa maziwa, wakati kwenye saratani haziyeyuki, bali zinaendelea kuzaliana na kuvamia nyama ya jirani. Leo tunajua maziwa hayatengenezwi hivyo hasa. Lakini mzee alifika mahali pazuri akipitia njia yenye mashimo, na hilo katika sayansi si jambo geni.

Alifanya na majaribio kwa sungura wanaonyonyesha, akawatoa ovari na kuangalia matiti yao yanakuwaje baadaye. Aliona kwamba baada ya kuachishwa kunyonyesha, nyama ya titi ilipungua na mafuta yakachukua nafasi yake. Akajiuliza kama saratani nayo ingeweza kulazimishwa kwenda njia hiyo. Akaiandika tasnifu, akapata shahada yake mwaka 1878, akahamia Glasgow kuanza kazi. Wazo likalala.

Likalala miaka karibu 20! Naomba msomaji usiipite hesabu hiyo haraka. Beatson hakukimbilia kumpasua mtu kwa sababu ya sungura watatu. Aliajiriwa kama mpasuaji katika Western Infirmary, ile iliyokuwa pembeni kabisa ya chuo chetu, akawa na shughuli zake nyingi. Mmojawapo wa miradi aliyoipenda ilikuwa kuwafundisha watu wa kawaida kuokoa majeruhi. Glasgow ya wakati ule ilikuwa mji wa viwanda, meli na reli, na kila siku kuna mtu amepondwa mguu au ameangukiwa na chuma. Mwaka 1882 ilianzishwa hapa St Andrew's Ambulance Association, na Beatson alikuwa miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele. Polisi, wafanyakazi wa reli na mafundi wa meli walifundishwa kufunga kidonda na kubeba mgonjwa. Watu wengi wa Glasgow walimjua kwa hayo kuliko kwa saratani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 akachukua usimamizi wa hospitali ndogo ya saratani mjini hapa. Ilikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Wanawake walikuja wakiwa wamechelewa, uvimbe umeshashika kwenye ukuta wa kifua, ngozi imepasuka, na kisu hakina tena pa kukata. Kwa hao dawa ilikuwa hakuna. Ilikuwa pia zama za kusaka vijidudu. Koch na wenzake walikuwa wameshaonyesha chanzo cha kifua kikuu na kipindupindu, kwa hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba saratani nayo ina mdudu wake, kazi ni kumtafuta. Beatson alikataa. Alisema, kwa saratani ya titi, tuangalie ovari.

Mwezi Mei 1895 alimpokea mwanamke wa miaka 33, mke wa mtu na mama wa watoto. Alikuwa ameshakatwa titi moja na ugonjwa umerudi pale pale kwenye kovu, umetanda. Hakuna ambaye angemlaumu daktari kwa kumrudisha nyumbani akafie kwake. Beatson alikaa na mgonjwa na mumewe akawaeleza anachofikiria, na kwamba ni jambo la kujaribu tu. Wakakubali. Tarehe 15 Juni 1895 alimpasua akamtoa ovari zote mbili pamoja na mirija yake. Uvimbe wenyewe hakuugusa.

Wiki zilivyokwenda, uvimbe ukaanza kupungua na kulainika. Baada ya miezi kama minane haukuonekana tena. Mwezi Mei 1896 alimpeleka yule mama mbele ya chama cha madaktari wa Edinburgh, wamtazame kwa macho yao. Julai mwaka huo makala yake ikatoka katika Lancet.

Hebu tuwe wakweli hapa, maana simulizi nyingi za Beatson huishia hapo kwenye muujiza. Kwanza, yule mama alikuwa akipewa pia vidonge vya tezi ya shingo, kwa hiyo mtu mbishi angeweza kuuliza ni kipi hasa kilichofanya kazi. Pili, ugonjwa ulirudi. Aliishi zaidi ya miaka mitatu baada ya upasuaji, na kwa hali aliyokuja nayo hiyo ni zawadi kubwa, lakini mwishowe alifariki kwa saratani ile ile. Tatu, wagonjwa wengine hawakupona kwa namna ile. Na yeye Beatson hakuficha lolote kati ya hayo.

Tena hakuwa wa kwanza kabisa kuliwaza jambo lenyewe. Mjerumani mmoja, Albert Schinzinger, mwaka 1889 alipendekeza kuwatoa ovari wanawake wenye saratani ya titi, kwa kuwa alikuwa ameona ugonjwa unakwenda mbio zaidi kwa walio vijana. Alipendekeza tu, hakulifanya. Beatson ndiye aliyelifanya, akaandika na matokeo.

Baada ya makala ile wapasuaji wa Uingereza walianza kuiga. Mwaka 1900 Stanley Boyd wa London alikusanya habari za wagonjwa 54 waliofanyiwa upasuaji huo sehemu mbalimbali. Waliopata nafuu walikuwa kama theluthi moja. Mwaka 1905 Hugh Lett naye akakusanya wagonjwa 99, akapata zaidi kidogo ya theluthi. Theluthi ile ile! Si nusu, si robo. Na hapo ndipo lilipo tatizo ambalo lilimshinda Beatson na kila mtu wa zama zake. Wanawake wawili wanaingia hospitali wiki moja, uvimbe wao unafanana, umri unafanana, mpasuaji ni yule yule. Mmoja uvimbe wake unayeyuka. Mwingine hauguswi, na juu ya saratani yake ameongezewa kidonda cha tumbo na hedhi imekatika angali kijana. Kabla ya kisu hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Na upasuaji wenyewe enzi hizo uliua baadhi yao.

Kwa daktari mwenye dhamira hiyo ni hesabu ngumu. Ili umsaidie mmoja, uwapasue watatu. Na yule mmoja nafuu yake haidumu. Taratibu madaktari wakaiacha njia ile, na mionzi ilipokuja wakaikimbilia.

Beatson mwenyewe hakugeuka mtu wa kulalamika. Mwaka 1907 alipewa heshima ya Sir, zaidi kwa kazi yake ya huduma ya majeruhi na ya jeshi kuliko kwa zile ovari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa kiongozi wa Msalaba Mwekundu wa Uskoti, akishughulika na magari ya wagonjwa na vitanda vya majeruhi waliorudi kutoka Ufaransa. Alifariki hapa Glasgow mwaka 1933, akiwa na miaka 84. Miaka yake ya mwisho mambo yalikuwa yameanza kumpa haki. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Edgar Allen na Edward Doisy, walionyesha kwamba ovari inatoa kitu kinachosafiri kwenye damu. Mwaka 1929 kikapatikana kikiwa safi, ndiyo jamaa ya homoni tunazoziita estrojeni. Na mwaka 1932 Antoine Lacassagne wa Paris aliwadunga estrojeni panya madume, wakaota saratani ya titi. Kwa hiyo amri ya ovari kwa titi, ile ambayo Beatson aliisema bila kujua inapita wapi, ilikuwa inapita kwenye damu. Sijui kama mzee wa miaka 84 alikuwa bado anasoma majarida. Ningependa kuamini alikuwa anasoma.

Lakini theluthi ilibaki theluthi. Kujua kwamba kuna estrojeni hakukumwambia mtu kwa nini uvimbe huu unaitii na ule haujali. Sehemu ya jibu ilikuwa ni umri: mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, ovari zake zimeshalala, na estrojeni kidogo aliyonayo inatokana na malighafi ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambayo hugeuzwa kuwa estrojeni kwenye mafuta ya mwili. Kumtoa ovari huyo ni kuziba bomba lililokauka. Ndiyo maana Charles Huggins wa Chicago, yule aliyepata Nobel mwaka 1966 kwa kazi yake ya homoni na saratani ya tezi dume, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwatoa wagonjwa hata hizo adrenali. Upasuaji mkubwa zaidi, mateso zaidi, na bado waliofaidika walikuwa sehemu tu.

Jibu kubwa lilitoka maabara ya jirani na Huggins, kwa mkemia Elwood Jensen. Wenzake walikuwa wakiuliza mwili unaifanyia nini estrojeni. Jensen aligeuza swali: estrojeni inakwenda wapi, na ikifika inashikwa na nani? Aliitia alama ya mionzi ili aweze kuifuatilia, akawadunga panya majike wachanga. Kwenye misuli na damu ile homoni ilipita ikaondoka. Kwenye mfuko wa uzazi iling'ang'ania. Maana yake kule kuna kitu kinachoishika, kama kufuli linavyoshika ufunguo wake na kukataa mwingine. Ndicho kipokezi cha estrojeni. Mwaka 1958 alikwenda kuyaeleza hayo Vienna kwenye mkutano mkubwa, na waliokuja kumsikiliza walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. (Wewe uliyetoa mada mbele ya viti vitupu semina iliyopita, jipe moyo.)

Kutoka hapo swali la Beatson likapata njia. Chukua kipande cha uvimbe, pima kama kina vipokezi. Mwaka 1974 watafiti kutoka nchi kadhaa walikutana Marekani wakaweka takwimu zao pamoja. Kati ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na vipokezi vya estrojeni, zaidi ya nusu walipata nafuu walipotibiwa kwa njia ya homoni. Ambao hawakuwa navyo, waliofaidika hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Wale wanawake wawili wa hospitali ya Beatson, waliofanana kwa kila kitu, hatimaye wangeweza kutofautishwa kabla ya kisu. Baadaye ikaongezwa na kupima vipokezi vya projesteroni, kwa sababu uwepo wake ni dalili kwamba mtambo wa estrojeni ndani ya chembe unafanya kazi kweli. Na kisu chenyewe kikapata mbadala. Tamoxifen, kidonge kilichotengenezwa England miaka ya 1960 na kujaribiwa kwa wagonjwa wa Manchester mwaka 1971, kinakwenda kukaa kwenye kile kipokezi na kuizuia estrojeni isikae.

Hapa kuna jambo ambalo hata sisi wa sayansi tunalichanganya. Kipokezi kinaweza kukwambia mambo mawili tofauti. La kwanza ni kubashiri: mgonjwa huyu, kwa wastani, ugonjwa wake utakwenda pole pole au mbio. La pili ni kuchagua dawa: mgonjwa huyu tiba ya homoni itamfaa au haitamfaa. Kwenye titi kipokezi kinafanya yote mawili, ila thamani yake kubwa iko kwenye la pili. Ukihama titi ukaenda kiungo kingine, huwezi kubeba hitimisho hilo mgongoni kama mzigo. Mfano ni saratani ya mfuko wa nyongo, ambayo inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume na iko juu sana kaskazini mwa India na nchini Chile. Estrojeni inaongeza kolesteroli kwenye nyongo na kusaidia vijiwe kujitengeneza, na vijiwe ni jirani wa karibu wa saratani hiyo. Basi mtu yeyote aliyesoma habari za Beatson atauliza swali lile lile: je, uvimbe wa nyongo nao una vipokezi, na je vinabashiri chochote? Watafiti wameuliza. Wengine wameviona, wengine wamevikosa. Wengine wamekuta wenye vipokezi vya projesteroni wanaishi muda mrefu zaidi, wengine hawakuona tofauti yoyote. Makundi ya wagonjwa ni madogo, dawa za kupakia rangi zinatofautiana, na mpaka wa kusema ndiyo au hapana kila maabara inao wake. Mpaka leo hakuna daktari anayechagua dawa ya saratani ya nyongo kwa kupima vipokezi hivyo. Nadhani Beatson angeyaelewa hayo kuliko wengi wetu: kuona kitu kwenye darubini ni mwanzo, si tiba.

Sasa lile jambo la nyumbani. Mama yangu mdogo alikutwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji huko kwetu. Jioni moja simu zikaanza, si unajua mambo ya nyumbani, wewe upo Uingereza basi wewe ni daktari hata kama unasomea uhandisi wa maji. Wakanitumia picha ya karatasi ya majibu. Aina ya saratani imeandikwa, ukubwa umeandikwa, matezi ya kwapani yameandikwa. Kwenye mstari wa vipokezi pameachwa wazi. Nilipouliza nikaambiwa kipimo hicho pale hakifanyiki, na kwamba ataanza dripu za kemikali kama wenzake.

Hospitali yenyewe siitaji, wala sioni kama ni ya kulaumiwa peke yake. Kupima vipokezi siku hizi kunahitaji kupaka kile kipande kingamwili maalumu zinazotoa rangi pale kipokezi kilipo, na kunahitaji mtaalamu wa patholojia wa kusoma. Wataalamu hao kwetu ni wachache kwa nchi nzima. Kuna na tatizo jingine ambalo halionekani. Nyama ikishatolewa mwilini inatakiwa iingie kwenye fomalini mapema, na fomalini iwe sahihi. Ikikaa saa nyingi kwenye chombo ikimsubiri mtu wa kuipeleka maabara, vipokezi vinaharibika, na kipimo kinasoma hakuna wakati vilikuwepo. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi za Afrika na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tafiti zilizotumia vipande vya zamani vilivyohifadhiwa zilipata wenye vipokezi wachache kuliko zile zilizokusanya vipande vipya kwa utaratibu mzuri. Maana yake, sehemu ya yale maneno tuliyozoea kusikia, kwamba saratani ya titi ya mwanamke wa Kiafrika kwa kawaida haina vipokezi, inatokana na nyama iliyocheleweshwa na si na mwanamke. Na kila anayesomwa vibaya ananyimwa kidonge ambacho kimo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani na ambacho si cha bei ya kutisha.

Yaani miaka 130 baada ya Beatson, kuna wanawake wetu ambao bado wako kwenye wodi yake ya mwaka 1895. Tofauti yao na wale wa Glasgow ni kwamba jibu sasa lipo, ila halijawafikia.

Kwa mama mdogo tulichangishana. Bahati nzuri kile kipande kilikuwa kimehifadhiwa kwenye nta, kikapelekwa mji mwingine kupimwa. Ilichukua wiki tano. Nilikuwa nikipita Gartnavel na basi asubuhi naangalia lile jina na kumsema mzee wa watu kimoyomoyo, kana kwamba yeye ndiye aliyechelewesha majibu.

Majibu yalikuja vipokezi vya estrojeni vipo, vya projesteroni vipo. Alimaliza dripu, sasa anakunywa tamoxifen kila jioni, na ataendelea nayo miaka mitano au zaidi kadiri daktari wake atakavyoona. Nilimsimulia kwenye simu habari za kondoo, ng'ombe na sungura. Yeye ni mfugaji, ana ng'ombe wawili wa maziwa. La sungura lilimpitia tu. La ng'ombe wa kutolewa ovari alilishikilia, akataka kujua hao wafugaji walikuwa wa nchi gani na maziwa yaliendelea kwa miezi mingapi.